Boki ya Bi Ashatu

Bi Ashatu alikuwa ameshaapa mara tatu kabla hajafika uwanjani. Aliapa alipokuwa anafunga mlango wa nyumba yake, akaapa tena kwenye kona ya msikiti, na mara ya tatu aliapa alipozisikia kelele za watu nyuma ya ukuta wa shule. Kiapo chenyewe kilikuwa kimoja: leo hii, watu wakimwona, atamshika mkono mjukuu wake Mwinshehe na kumtoa katika huo mchezo wao wa besiboli. Na huyo mwalimu anayewafundisha angesikia maneno ambayo hajawahi kuambiwa tangu azaliwe.

Sababu alikuwa nayo. Bi Ashatu ni kungwi. Nusu ya wanawake wa Magomeni ya Bagamoyo amewafunda yeye: namna ya kukaa, namna ya kupokea mgeni, namna ya kumkatalia mkubwa bila neno la kukataa kutoka mdomoni. Mwinshehe amemlea tangu ana miaka minne, mama yake alipofariki, na kwa miaka kumi na minne hapakuwa na mtu wa kumnyooshea kidole kijana yule. Mpaka Jumanne, kwenye hitma kwa Bi Esha, mwenye nyumba alipommiminia kahawa huku akimwambia kwa upole wa kuudhi, "Shoga, mjukuu wako siku hizi ana macho kweli? Maana anatupita hapa barazani utadhani tumekuwa nguzo." Wanawake wakacheka chini chini. Mmoja akasema labda kungwi amechoka, watoto wa watu wamemmaliza nguvu. Bi Ashatu akaimaliza ile kahawa bila kujua ilikuwa na tangawizi au haina.

Alipomuuliza Mwinshehe, alijibiwa, "Sikuwaona, bibi. Nilikuwa narusha." Kurusha nini, barabarani, mkono mtupu? Kesho yake asubuhi akamfuata kwa mbali. Akamwona kwa macho yake akipita mbele ya Mzee Bwanausi, fundi baiskeli, mtu wa umri wa babu yake, huku ananong'ona peke yake. Akainua mguu wa kushoto katikati ya njia, akazungusha mkono, akaachia hewa, halafu akaendelea na safari yake. Mzee Bwanausi akabaki na spana mkononi anamtazama. Shikamoo haikutoka.

Basi Jumamosi Bi Ashatu alisali alasiri, akajifunga kanga mbili, akaondoka.

Uwanjani palikuwa pamejaa. Watu wa Chalinze walikuja na mabasi mawili na ngoma yao, wamejipanga upande mmoja wa kamba, na kila mpira ukipigwa ngoma inalia. Wa Bagamoyo walikuwa wengi zaidi lakini walikuwa wamenyamaza, maana mechi ilikuwa imebana. Mshindi wa siku hiyo ndiye wa kwenda Dar es Salaam mwezi ujao kwenye mashindano makubwa, na aliyeshindwa abaki kwao atazame picha kwenye simu. Bagamoyo walikuwa na pointi tatu, Chalinze mbili. Ngwe, yaani zamu za kila upande kupiga, zilikuwa saba, na ile ilikuwa ya sita.

Bi Ashatu hakujua habari ya ngwe wala pointi. Alichokiona ni kijana wake amesimama peke yake juu ya tuta la udongo katikati ya uwanja, kofia imemshuka mpaka kwenye nyusi, mpira umefichwa ndani ya glovu kifuani. Mbele yake kulikuwa na kijana wa Chalinze ameshika rungu, na nyuma ya huyo amechuchumaa Sixbert, mtoto wa jirani yao, amevaa kinyago cha vyuma ili adake. Pembeni, kwenye kituo cha tatu, kulikuwa na Mchalinze mwingine anachezacheza miguu, anataka kukimbia na hakimbii.

Bibi akaipita kamba. Mtu akamwambia, "Mama, huko hakuendwi," lakini kwa mwendo aliokuwa nao Bi Ashatu hasimamishwi na kamba. Akasogea hatua kumi, mpaka mahali ambapo mjukuu wake hawezi kusema hakumwona. Mwinshehe alikuwa ameshavuta pumzi. Alikuwa ameshaanza: mguu wa kushoto umepanda, kiwiliwili kimejikunja, mkono unatoka kwenye glovu.

"Mwinshehe," alisema Bi Ashatu, kwa ile sauti yake ya nyumbani. "Huoni watu?"

Miaka kumi na minne ya malezi ndiyo iliyomjibu. Mguu ukarudi chini. Mkono ukashuka na mpira wake. Kofia ikavuliwa, kichwa kikainama.

"Shikamoo, bibi."

Moyo wa Bi Ashatu ukalainika palepale. Alifungua mdomo aitikie, hata "ma" imeshafika kwenye midomo, mara mwamuzi akaruka kutoka nyuma ya Sixbert, kidole kimenyooshwa kwenye tuta, akapiga ukelele wa kumkata mtu ini.

"Boki!"

Bi Ashatu alishtuka, neno likamrudi kooni. Ngoma ya Chalinze ililipuka. Yule kijana wa kituo cha tatu, aliyekuwa anachezacheza miguu, sasa alitembea kwa madaha, anapiga makofi, hakuna anayemgusa, mpaka akakikanyaga kituo cha nyumbani. Pointi tatu kwa tatu. Upande wa Bagamoyo watu walishika vichwa. Mwamuzi akamwomba bibi, kwa adabu lakini bila tabasamu, arudi nyuma ya kamba.

Alirudi. Hakuelewa kilichotokea, ila alielewa kuwa kimetokea kwa ajili yake, maana macho yote yalikuwa juu yake. Upande wa Chalinze, mzee mmoja mwenye kanzu na koti la kijivu, waliyemwita Mzee Mwinyimvua, alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kukunja anacheka mpaka anajifuta machozi. "Mama," alimpazia sauti, "Mungu akuzidishie. Tukifika Dar tutakununulia doti ya kanga." Watu wake wakaangua kicheko. Bi Ashatu alimtazama jinsi anavyomtazama mwari mkorofi siku ya kwanza, lakini mzee hakuwa mwari, aliendelea kucheka.

Kilichofuata kilikuwa cha kusikitisha. Mwinshehe, ambaye tangu mchana alikuwa amewanyima Wachalinze raha, mkono ulimpotea. Mpira mmoja ulipiga udongo kabla ya kufika. Mwingine ulipita juu ya kichwa cha Sixbert ukaenda kugonga ukuta. Akirusha mipira minne ya ovyo mpigaji anapewa kituo cha kwanza bure, naye akawapa wawili, mmoja baada ya mwingine. Na kila kabla hajainua mguu, anageuza macho kwenye kamba, kwa bibi yake, mara moja, kama mtu anayeangalia mvua. Bi Ashatu alimkodolea tu, maana hakujua afanye nini na uso wake. Kilichowaokoa ni mpira mmoja uliopigwa juu sana. Kijana wa Bagamoyo aliyesimama mbali kabisa aliukimbilia mpaka akabiringika nao kwenye majani, akainua glovu, mpira umo ndani. Zamu ya Chalinze ikaishia hapo, ikawa zamu ya Bagamoyo kupiga.

Mwalimu Asteria alimfuata bibi mbio. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtoto wa misheni, wazazi wake walihamia kutoka bara, naye amezaliwa hapohapo Bagamoyo. Bi Ashatu alimwona anakuja, akajiweka sawa. Maneno yote aliyoyapanga tangu Jumanne yalikuwa kwenye ncha ya ulimi.

"Shikamoo, mama," alisema Mwalimu Asteria, amepiga goti nusu.

"Marahaba," alisema Bi Ashatu, maana adabu ni adabu. "Sasa niambie. Nimefanya nini?"

Mwalimu alimweleza harakaharaka, jicho moja kwa bibi na jingine kwa wapigaji wake. Mrushaji ana ubao mdogo juu ya lile tuta. Mguu wake ukishakuwa kwenye ubao, na akishaanza kurusha, lazima arushe. Hana ruhusa ya kusimama katikati, wala ya kujifanya anarusha halafu asirushe. Maana yule aliyeko kwenye kituo anasoma mwili wa mrushaji ndipo aamue akimbie au abaki, na mrushaji akianza kisha akaacha, amemhadaa. Hiyo ndiyo boki. Adhabu yake ni kila aliyeko kwenye kituo kusogea mbele kituo kimoja, bure. Aliyeko cha tatu anaingia nyumbani.

"Hadaa gani?" Bi Ashatu alikuja juu. "Mimi nimecheza rede miaka minane hapa Magomeni, mwalimu. Ufundi wa rede ni kumdanganya anayekwepa mpira. Unainua mkono huku, unarusha kule. Na kijana wangu hakumhadaa mtu. Alinisalimia mimi."

"Najua, mama. Na mwamuzi anajua. Lakini sheria haimuulizi alikuwa na nia gani. Inauliza kitu kimoja tu: alianza, je, alimaliza?"

Lile swali lilimwingia mahali. Alilipindua mara mbili, akaona analijua. Tena amekuwa akiishi nalo mara tano kwa siku.

"Kumbe ni hivyo," alisema taratibu. "Sifananishi, Mungu anisamehe. Lakini mtu akishahirimia sala hasalimiwi. Na akisalimiwa haitikii, wala hakuna wa kumwita hana adabu. Asiye na adabu ni yule aliyemsalimu."

"Hata kwetu, mama, padri akiwa altareni hakuna wa kumbishia hodi."

"Kwa hiyo asiye na adabu leo ni mimi."

Bi Ashatu alihisi uso unamwaka. Aliona haya, haya ya kweli, yeye anayewafunda watu wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza. Lakini Jumanne hakuisahau. "Na barabarani je? Huko hakuna ubao wala tuta. Nani amemfundisha kuwapita watu?"

Sasa ikawa zamu ya mwalimu kuona haya. "Ni mimi, mama. Mwezi uliopita alikuwa anafanya boki kila mechi. Akishtuliwa kidogo tu, anasimama. Nikamwambia afanye mazoezi kila mahali, na akishaanza asisimame kwa jambo lolote chini ya jua. Sikujua angekwenda nalo mpaka barazani kwa watu." Alimtupia jicho Mwinshehe, aliyekaa peke yake mwisho wa benchi, taulo kichwani. "Naona nimtoe. Ngwe ya mwisho arushe mwingine. Mkono wake ni mzima, ila mwenyewe hayupo."

"Umtoe?" Bi Ashatu alisikia sauti yake imepanda. Alikuwa ametoka nyumbani kwake na viapo vitatu vya neno hilohilo, na sasa mwingine alipolitamka lilimchoma. "Humtoi. Nimeiharibu mimi, acha nikaitengeneze mimi."

Akaenda benchi. Vijana wakampisha, mmoja mmoja wakimwamkia, naye akiwaitikia, mpaka akafika kwa mjukuu wake. Mwinshehe aliondoa taulo, akasimama. Macho yalikuwa mekundu. Hakumwamkia, alimtazama tu, na Bi Ashatu akaona jambo ambalo hakulitarajia: kijana alikuwa anamwogopa.

"Una nini?" aliuliza.

"Hukuniitikia, bibi."

"Nini?"

"Nilikwambia shikamoo. Hukuniitikia. Nikajua umekasirika sana."

Bi Ashatu alikaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Ndiyo, shikamoo ilitoka, na marahaba ilibaki kooni mwake mwamuzi alipopiga kelele, kisha akaisahau kabisa. Kwa mtoto aliyelelewa nyumba ile, shikamoo isiyoitikiwa ni nzito kuliko kofi. Katika maisha yake yote Mwinshehe amenyimwa marahaba mara moja tu, siku aliyomtukana mpita njia, na siku ile hakula mpaka usiku. Leo alipanda tena kwenye lile tuta na jambo hilo mgongoni, akirusha na kumtazama, akirusha na kumtazama, anangoja neno moja. Mkono usingepotea vipi?

Alifungua mdomo amwitikie, yaishe. Kisha akaufunga. Jambo lilimjia ghafla, na lilipomjia aliona raha ya ajabu, raha ya msichana wa rede aliyeona upenyo.

"Sikuitikii," alisema.

Mwinshehe alimtazama asiamini.

"Nisikilize, baba. Sikukasirika. Nilishtushwa na yule mwenye kidole. Lakini sasa sikuitikii kwa makusudi. Shikamoo yako ninayo hapa." Akagusa fundo la kanga yake. "Umeanza, hujamaliza. Kamalize. Ukimaliza, njoo nikupe marahaba yako. Kabla ya hapo, hata nikikuita kwa jina la marehemu mama yako, usigeuke. Nimekupa radhi yangu. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

"Hujasikia bado. Sixbert, njoo na kinyago chako."

Wakaenda nyuma ya benchi, penye nafasi, na hapo watu wa Bagamoyo wakaona kitu ambacho wanakisimulia mpaka leo. Sixbert akachuchumaa. Mwinshehe akaweka mguu kwenye kipande cha mbao. Akavuta pumzi, akainua mguu, na Bi Ashatu, amesimama ubavuni pake, akamwita, "Mwinshehe! Huoni watu?"

Akasimama. "Boki," alisema Bi Ashatu, ambaye robo saa iliyopita hakulijua neno hilo. "Tena."

Mara ya pili mpira ulitoka, lakini ulitoka na macho yake yakiwa kwa bibi, ukamgonga Sixbert begani. "Oya, bibi, utaniua huku," alilalamika Sixbert.

"Nyamaza, utapona. Tena."

Mara ya tatu alimwita, akamwambia ugali unaungua, akamwambia Bi Esha amefika, akamwambia yeye ni mtoto asiye na shukrani. Mguu ukapanda, ukashuka, mkono ukapita, na mpira ukaingia kwenye glovu ya Sixbert kwa kishindo kilichowafanya walio karibu wageuke. Mwinshehe hakumtazama bibi hata kidogo. Miaka kumi na minne Bi Ashatu alimfundisha kugeuka akiitwa, na sasa alifurahi kuliko siku zote kwa kutogeukiwa.

Wakati huohuo kelele zikapanda uwanjani: kijana mmoja wa Bagamoyo alikuwa amepiga mpira chini, ukapenya katikati ya Wachalinze wawili kila mmoja akimwachia mwenzake, na mkimbiaji akaingia nyumbani kwa tumbo, vumbi tupu. Nne kwa tatu. Bagamoyo wakaongoza.

Ikabaki ngwe ya saba. Chalinze wapige, wakitolewa watatu mechi imekwisha.

Mwinshehe akapanda tuta. Mpigaji wa kwanza akazungusha rungu mara tatu, hakugusa kitu, akatoka. Wa pili akaupiga mpira vizuri, akafika kituo cha kwanza, na kwa mbio zake akaiba cha pili. Wa tatu akapiga mpira wa chini, akatolewa yeye, lakini mwenzake akasogea mpaka cha tatu. Ikawa palepale pa mwanzo: mmoja kwenye kituo cha tatu, anachezacheza miguu, hatua chache kutoka nyumbani. Wawili wameshatolewa. Mpigaji wa mwisho alikuwa jitu, mikono minene, na rungu mkononi mwake lilikuwa kijiti.

Straiki ya kwanza: mpira mzuri, rungu limeukosa; zikifika tatu, ametoka. Bagamoyo wakapiga kelele. Mpira wa pili nje. Wa tatu nje. Straiki ya pili, rungu limekata hewa mpaka kofia ikamwanguka mpigaji. Imebaki moja. Ikiingia, ni Dar. Akisimama katikati, boki, ni nne kwa nne, na yale ya ngwe ya sita yanarudi upya.

Bi Ashatu alikuwa kwenye kamba, kanga ameikunja mikononi anaikamua. Ndipo akamwona Mzee Mwinyimvua. Mzee alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa ameinuka kwenye kiti chake cha kukunja, akasogea mpaka kwenye kamba, usawa wa kituo cha tatu, akajisafisha koo. Bi Ashatu alielewa papo hapo. Hakuna kungwi asiyemjua mtu anayejiandaa kusema neno baya. Hakuwa mchezaji wala mwalimu wa Chalinze, alikuwa mtazamaji tu, na mdomo wa mtazamaji mwamuzi haufungi.

Mwinshehe akaleta mikono kifuani, akatulia. Akatulia kabisa, hata Bi Ashatu akaona. Mguu wa kushoto ukaanza kupanda.

"Wewe kijana!" Sauti ya mzee ilikuwa nene, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Husalimii wakubwa? Huyo aliyekulea hakukufunda?"

Likampiga Bi Ashatu kifuani. Mbele ya Bagamoyo nzima. Mbele ya wanawake aliowafunda, na Bi Esha yuko hapo nyuma yake, amemwona. Jibu lilikuwa tayari, tena jibu la kumkalisha mzee yule mpaka Chalinze. Akaifumbata kanga, akaitia kinywani, akaing'ata. Na yeye, kwa ile shikamoo aliyoifunga kangani, alikuwa ameshaanza. Na yeye alikuwa hajamaliza.

Mguu wa Mwinshehe ulifika juu. Haukusita. Ukashuka mbele, bega likafuata, mkono ukapita juu ya sikio, mpira ukatoka.

Jitu lilizungusha rungu kwa nguvu zake zote. Kikasikika kishindo kimoja tu, nacho kilikuwa cha glovu ya Sixbert.

"Straiki ya tatu!"

Watu waliivunja kamba. Bi Ashatu alijikuta anapiga vigelegele, kanga imeanguka, hajui iko wapi, amemkumbatia mtu na mtu mwenyewe ni Bi Esha. Vijana walimwangukia Mwinshehe pale kwenye tuta, wakawa rundo la mikono na viatu. Mwalimu Asteria alikuwa amepiga magoti kwenye majani, analia bila kujificha.

Halafu rundo likafunguka, na Mwinshehe akatoka ndani yake, udongo mpaka kwenye nywele. Wote walidhani anakwenda kwa bibi yake. Hakwenda. Aliukata uwanja moja kwa moja mpaka upande wa Chalinze, mpaka mbele ya Mzee Mwinyimvua, na zile kelele zikapungua kadiri alivyosogea, maana watu hawakujua anataka kufanya nini. Akavua kofia. Akainama.

"Shikamoo, babu. Uniwie radhi, uliniita nikiwa nimeshaanza."

Kimya kikaingia hata kwenye ngoma. Mzee alimtazama kijana, akaitazama kofia, akawatazama watu wake waliokuwa wanamtazama yeye. Hakuwa na pa kupita.

"Marahaba," alisema, kwa sauti ndogo. Kisha akasema tena, na safari hii ilikuwa ya kweli. "Marahaba, mjukuu wangu. Umefundwa."

Ndipo Mwinshehe akageuka. Akaja polepole, watu wakimpigapiga mgongoni, mpaka akasimama mbele ya Bi Ashatu. Hakusema shikamoo, alikuwa ameshaisema. Alisimama tu, kofia mkononi, kijana wa miaka kumi na minane mrefu kuliko mlango wa nyumba yao, anangoja.

Bi Ashatu alitaka aitikie kwa heshima zake, kama inavyopasa. Lakini alilazimika kuanza mara mbili.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, baba. Marahaba."

Mwinshehe akashusha pumzi aliyokuwa nayo tangu saa kumi. Akaiokota kanga ya bibi yake chini, akaikung'uta vumbi, akamfunika mabegani.

"Na kesho," alisema Bi Ashatu, akijifuta uso kwa ncha ya kanga hiyohiyo, "unaanza kwa Mzee Bwanausi, halafu kwa Bi Esha, halafu nyumba kwa nyumba mpaka umalize mtaa. Barabarani hakuna ubao."

"Ndiyo, bibi."

"Ukimaliza ndiyo uende Dar."